Kaunta buku ya utabiri: kwa nyie mnaoanza uchambuzi wa siasa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uchambuzi wa siasa, hasa nyie wa huku kwetu Mbeya na Iringa mnaoanza kuitwa kwenye vipindi vya redio asubuhi, naomba niwape nilichokipata mwaka 2024. Januari ile nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili pale Mwanjelwa nikajiwekea sheria, kila nikitabiri kitu hewani au kijiweni lazima nikaandike siku hiyohiyo: nini kitatokea, mwisho lini, nina uhakika asilimia ngapi, na kwa nini. Mstari mmoja tu inatosha. Mwaka ulipoisha kulikuwa na mistari 31, nimepatia 20. Ukisikia hivo utasema jamaa yuko vizuri, na mimi nilisema hivohivo kwa kama wiki mbili mpaka nilipokaa kupiga hesabu sawasawa.

Nianze na mstari wa Makambako maana ndio ulionifundisha zaidi na ni wa nyumbani. Tarehe 29 Mei Chadema Kanda ya Nyasa walikuwa pale Makambako wanachagua mwenyekiti, Sugu wa Mbeya dhidi ya Msigwa wa Iringa ambaye ndio alikuwa anakitetea kiti. Mi nikaandika Sugu atashinda, asilimia 90. Akashinda kweli. Simu zikaanza kuingia, kaka umejuaje, nikaitwa kwenye kipindi kueleza, nikaeleza kwa kujiamini kabisa habari za mtandao wake, wajumbe wa Mbeya, nini na nini. Sasa angalieni matokeo yenyewe: Sugu kura 54, Msigwa 52. Yani mjumbe mmoja tu angegeuza mawazo akiwa kwenye foleni ya kupiga kura wangetoka 53 kwa 53. Mtu aliyeandika 90 kwenye uchaguzi wa namna hiyo hakujua kitu, alikuwa na hisia za kwao akaziita uchambuzi, na mtu huyo ni mimi. Nilipaswa kuandika 55, basi. Na mwezi mmoja baadae, tarehe 30 Juni, Msigwa akahamia CCM, jambo ambalo kwenye daftari langu halimo popote, wala kama uwezekano, wakati ndio lilikuwa tukio kubwa kuliko hata ule uchaguzi.

Kwa hiyo kupatia peke yake hakutoshi, inabidi upime na ule uhakika wako. Kuna kipimo kinaitwa alama ya Brier, alikitoa mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya kupima watabiri wa mvua, na hesabu yake hata mtoto wa fomu wani anaiweza. Ukisema asilimia 90 andika 0.9. Jambo likitokea ni 1, lisipotokea ni 0. Toa, alafu zidisha jibu kwa lenyewe. Ukisema 0.9 na likatokea unapata 0.01, nzuri sana, maana huku alama ndogo ndio nzuri. Ukisema 0.9 lisitokee unapata 0.81. Anayesema 50 kwa 50 kila siku anapata 0.25 muda wote bila kufikiri chochote, kwa hiyo 0.25 ndio mstari wa aibu.

Chukua Kenya. Tarehe 20 Juni niliandika Muswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, utapita bungeni na Ruto atasaini kabla ya tarehe 1 Julai, asilimia 95. Tarehe 25 ukapita kweli, 195 kwa 106, siku hiyohiyo vijana wakaingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake rais akasema hasaini. Mstari ule mmoja ulinipa 0.9025. Unaweza ukapatia mambo mengi madogo mwezi mzima alafu mstari mmoja wa 95 ukala yote. Kosa langu lilikuwa kuhesabu wabunge tu, na wabunge nilihesabu vizuri, ila nilikuwa nawaona vijana Nairobi wiki nzima kwenye simu yangu na sikuwapa hata asilimia 10, kwa sababu sikuwa nimezoea kuona barabara ikishinda bunge.

Alafu kuna utabiri wa mteremko, huo muutenge kabisa. Kagame atashinda Julai, niliandika 99, akapata 99.18 ya kura. Huo sio utabiri, ni kusoma kalenda. Nilikuwa na mistari 9 ya aina hiyo na ndio iliyonibeba. Nilipoitoa ikabaki 22, nimepatia 11, na wastani wangu wa Brier ukawa 0.29. Mwaka mzima wa kusoma, kuongea hewani, kuitwa mchambuzi, na ningesema "sijui, nusu kwa nusu" kila mara ningewasaidia wasikilizaji zaidi. Iliniuma sana ile usiku.

Na mistari mingine hata kuipima haiwezekani. Niliandika "upinzani utapata shida uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 27". Shida gani? Wagombea kuenguliwa, kura chache, watu kususa? Chochote kingetokea ningesema nilisema. Maneno kama hali itakuwa tete, mambo yatachafuka, yaacheni, wasikilizaji wanayapenda lakini hayakufundishi kitu.

Botswana nayo niwaeleze. Septemba nilikuwa Tunduma, foleni ya malori imefika mbali, nikakaa na dereva mmoja anayekwenda mpaka huko kwa kupitia daraja la Kazungula. Akaniambia, "Mwaisa, wale jamaa wa serikali wanaondoka." Nikamuuliza kwa nini, akasema almasi haziuziki, vijana hawana kazi, hospitali dawa hakuna. Nikamjibu kile chama kimetawala toka uhuru 1966, na nikaandika BDP atabaki, 85. Tarehe 30 Oktoba BDP akaangushwa, viti 4 tu kati ya 61, wakati kura alipata kama asilimia 30, na UDC wa upinzani kwa asilimia 37 akachukua viti 36. Sisemi dereva mmoja ni utafiti. Ila alinipa sababu tatu zinazochunguzika na mimi nikampa umri wa chama. Na hayo mambo ya viti msiyaache, kule ni kama kwetu, kila jimbo anayeongoza anachukua, Labour Uingereza mwezi Julai walipata viti zaidi ya 400 kati ya 650 kwa kura kama asilimia 34 tu.

Baada ya hapo nikakimbilia upande wa pili. Urais wa Namibia Novemba 27 nikaandika lazima iende duru ya pili, yani hakuna atakayevuka nusu ya kura, upepo wa kusini umebadilika, 75. Netumbo Nandi-Ndaitwah wa chama tawala akapita moja kwa moja kwa zaidi ya asilimia 57. Kidonda cha jana ndio kiliandika, sio mimi.

Urais wa Marekani kifupi: kati ya Harris na Trump nilikuwa na 50 kwa 50, sawa kabisa, mpaka Novemba 2 ukatoka utafiti wa maoni ya wapiga kura wa jimbo la Iowa, wa Ann Selzer, mtafiti mwenye sifa kubwa, Harris 47 Trump 44. Nikapandisha Harris mpaka 65 kwa karatasi moja. Trump akachukua Iowa kwa pointi 13 na majimbo yote saba yaliyokuwa na ushindani mkali.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Mbowe na Lissu kugombea uenyekiti wa Chadema taifa, niliuandika Desemba, Mbowe atabaki, 60. Januari 2025 ikatoka Lissu 513, Mbowe 482. Nimekosa, nimelipa 0.36, ila namba ile siionei aibu, ulikuwa mpambano wa karibu na nilisema ni wa karibu.

Sasa nyie anzeni na uchaguzi wa jirani, kama mimi nilivyofanya na Malawi. Walipiga kura Septemba 16, 2025, hapo ng'ambo ya mto Songwe tu, na mshindi ilikuwa lazima avuke nusu ya kura. Andikeni mapema, kabla hamjasikia mtu mwingine anasemaje. Mi niliandika kabla ya kura: itaenda duru ya pili, 60, na chini niliweka sababu zangu mbili na nafasi ya wazi ya kuandika nilichokosa.