Ukoko kwenye tando za RO: kwa nini asidi haifui dafu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaendesha mtambo wa RO, yaani unaosukuma maji kwa presha kupitia tando zinazozuia chumvi; unachuja maji ya kisima yenye chumvi. Katika kila lita 100 zinazoingia tunatoa lita 80 za maji safi. Siku hizi maji yanapungua. Tukiosha tando kwa asidi ya sitriki yanapanda kidogo, kisha yanashuka tena, na kila mara yanashuka mapema zaidi. Aliyetuuzia dawa anasema tuongeze antiskelanti, dawa ya kuzuia ukoko. Tumsikilize?

Jibu: Msimsikilize bado. Asidi ya sitriki huyeyusha kalsiamu kaboneti na kutu ya chuma. Mafanikio nusunusu kila mkiosha yananifanya nishuku kwamba juu ya tando kuna kitu kingine ambacho asidi haikigusi, na kwamba kinaongezeka.

Zimeni mtambo, fungueni bomba la presha, mtoe elementi (silinda yenye tando zilizoviringishwa) ya kwanza na ya mwisho. Ziacheni zichuruzike, kisha mzipime kwenye mizani. Kama ya mwisho ndiyo nzito, huo ni ukoko wa fuwele, kwa sababu chumvi hukolea zaidi kadiri maji yanavyosonga kuelekea mkiani. Kwangueni kidogo ule unga ulioganda, muudondoshee asidi. Ukitoa povu, ni kaboneti. Ukinyamaza, tazameni kwa lenzi ya mkononi: jasi, yaani kalsiamu salfeti, mara nyingi huonekana kama vijisindano. Bariamu salfeti na silika hazijitambulishi kirahisi hivyo; hapo pelekeni sampuli maabara. Lakini ikiwa nzito ni ile ya kwanza, na ina utelezi, tatizo ni vijidudu au tope, na dawa ya fuwele haihusiki. Utelezi huoshwa kwanza kwa maji ya alkali, asidi baadaye.

Hesabu yenu ya asilimia 80 nayo inasema mengi. Chumvi yote ya lita 100 inabaki kwenye lita 20, kwa hiyo imekolea mara 5. Sawasawa na uso wa utando inakolea zaidi ya hapo, kwa sababu maji yanapenya na chumvi inaachwa imejazana mlangoni. Mkishuka hadi asilimia 75, ukolezi unakuwa mara 4. Tofauti inaonekana ndogo, ila jasi huganda kutegemea kalsiamu ikizidishwa kwa salfeti: 5 kwa 5 ni 25, 4 kwa 4 ni 16. Mmeondoa zaidi ya theluthi moja ya msukumo wa kuganda kwa kugeuza vali tu. Mtamwaga maji mengi zaidi, kweli, ila linganisheni na bei ya seti nzima ya tando kabla ya kulalamika.

Angalieni pia asidi mnayotia kabla ya maji kuingia kwenye tando, kama mnaitia. Ikiwa ni ya salfuriki, mnazuia kaboneti huku mkiilisha jasi salfeti kwa mikono yenu. Ya haidrokloriki haina kasoro hiyo.

Sasa antiskelanti. Haiondoi kalsiamu kwenye maji. Inachelewesha fuwele kuzaliwa na kuziharibu umbo zisishikane vizuri. Neno la kushika ni *inachelewesha*. Mtambo ukifanya kazi, maji yaliyokolea chumvi yanapita na kutoka kabla muda haujaisha. Mkiuzima jioni bila kuusuuza, maji yaleyale yanalala juu ya tando hadi asubuhi, na dawa haiwezi kuyazuia milele. Kila mnapozima, suuzeni kwa maji safi ya mtambo wenyewe, kwa presha ndogo, hadi chumvi ya maji yanayotoka mkiani ishuke. Naona jambo hili likirukwa kuliko lolote lingine. Kuzidisha dozi kuna hasara zake: baadhi ya dawa hizi hugandana na kalsiamu, au na chuma na aluminiamu iliyobaki kutoka kwenye shabu, zikawa uchafu zenyewe.

Kuhusu kuosha: jasi huitikia EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, katika maji ya alkali, kwa kuloweka saa kadhaa, bila kuvuka kiwango cha pH na joto alichoweka mtengenezaji wa tando. Silika hutaka alkali ya uvuguvugu, nayo ni sugu. Bariamu salfeti ikishakomaa, mimi sipotezi muda. Nabadilisha elementi za mkiani. Na msingoje maji yapungue nusu: osheni yakishuka asilimia 10 hadi 15, baada ya kusahihisha halijoto, maana maji yakipoa kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi mtiririko hupungua kwa takriban asilimia 3 bila ukoko wowote.

Mkipeleka maji maabara, ombeni bariamu, strontiamu, salfeti na silika kwa majina. Kipimo cha kawaida cha maji ya kunywa mara nyingi huziacha baadhi yake. Mkiwa mnasubiri majibu, osheni tando, kisha mwendeshe mtambo kwa asilimia 75 mkisuuza kila mnapozima. Maji yakidumu muda mrefu kuliko mzunguko uliopita, dozi ya dawa iacheni palepale ilipo.