Kabla Hujaandika Kwamba Mche Umekufa

Ninyi mnaokuja mafunzo kwa vitendo kwenye misitu ya miombo ya Tabora, nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa shamba la miche ya mninga iliyopandwa na kikundi cha kijiji. Mvua zikakatika, na kufika Julai mistari yote ilikuwa vijiti vya kijivu tu. Nikahesabu, nikaandika "imekufa" ukurasa mzima, kisha nikaanza kuing'oa ili msimu ujao tupande mingine.

Mzee mmoja mrina asali alikuwa anapita na baiskeli. Akashuka, akaokota mmoja wa ile niliyoitupa, akaukwaruza mzizi kwa ukucha. Shina lilikuwa jembamba kama njiti, limekauka mpaka linakatika kwa vidole, lakini mzizi ulikuwa mnene kama muhogo mchanga, na chini ya ganda palikuwa pabichi, panalowanisha ukucha.

"Bwana miti," akaniambia, "huu haujafa. Umelala."

Nilikuwa nimeshang'oa mistari miwili na nusu.

Hivyo ndivyo mninga unavyokua. Mche hutoa kichipukizi wakati wa mvua, kiangazi kikifika kichipukizi kinanyauka, mvua zikirudi kinatoka kingine. Unaweza kwenda hivyo miaka kadhaa, mtu wa juu haoni chochote, kumbe mzizi unajilimbikizia chakula chini. Siku ukiwa na akiba ya kutosha kushinda kiangazi na moto kichaa, shina linapanda kwa kasi ya ajabu. Ukizoea mikaratusi, ambayo mwaka mmoja tu inakupita kimo, utauona mninga mvivu.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu tatu: wenye majani, ulionyauka, na usioonekana kabisa. Weka kijiti kwenye kila shimo, usiandike kifo mpaka mvua za Novemba na Desemba zipite. Na viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vikiwa vifupi kama vya mikaratusi visitumike hapa; mzizi ukifika chini unajikunja, na mche uliojikunja mzizi haupati tena ule muhogo wake. Mbegu nazo zina kazi. Tunda la mninga ni bapa, la mviringo, katikati lina miiba midogo inayochoma vidole, na mbegu imefungwa ndani ya ganda gumu. Ukipanda tunda zima utasubiri sana. Kata ganda taratibu, vaa glavu, na usikusanye kutoka mti mmoja kwa sababu tu uko karibu na barabara. Tembea, chukua kwenye miti mingi iliyoachana.

Tangu siku ile nikiingia msituni natazama chini kwanza. Miti kama mtundu, myombo na jamaa zake wengi huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi. Wasukuma walilijua hili zamani, ndiyo maana wana ngitili, eneo linalofungwa mifugo isiingie mpaka majani na miti irudi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulipata nguvu ulipoiheshimu ngitili badala ya kutegemea miche ya kitalu peke yake. Dodoma njia yao wanaiita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili mchungaji ajue kuna mwenyewe. Mimi binafsi, nikipewa pesa kidogo na eneo kubwa, kitalu nitakijenga mwisho.

Majina yatawachanganya. Mninga huu huu kusini wanauita mtumbati. Mkongo, hapa Tabora ni mkola. Usidhani ukikwangua gome ukaona utomvu mwekundu kama damu basi ni mninga. Mkurungu nao ni ndugu yake, unatoa damu vilevile. Andika jina alilokupa mwenyeji, andika na lugha yake, kisha chukua sampuli yenye majani pamoja na ua au tunda. Hapo ndipo safari moja haitoshi, maana mninga huchanua manjano mwishoni mwa kiangazi, na matunda yake utayakuta yananing'inia majani yakiwa yameshapukutika. Wekea mti alama, urudi. Rangi na harufu ya ua iandike papo hapo, kwa kuwa sampuli ikishabanwa kwenye gazeti ikauke, vyote vinapotea. Magazeti yabadilishe kila siku, la sivyo utaleta ukungu chuoni.

Kupima kipenyo hakuna ujanja mwingi. Kata fimbo ya mita 1.3 ikuonyeshe mahali pa kupimia shina, kwenye mteremko simama upande wa juu, na mzunguko gawanya kwa 3.14.

Msiingie msituni kabla ya kupita kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji haki ya kuwa na misitu yao ya hifadhi, na kamati ya maliasili si wapambe wa kukubebea mizigo. Warina asali ndio walimu wenu wakuu. Anayetegemea maua kwa riziki anajua mti upi umechelewa mwaka huu. Baadhi yao bado wanatengeneza mizinga ya magome, na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Msianze na hilo siku ya kwanza. Mabani ya tumbaku, yale ya kukaushia majani kwa moto, yanakula kuni nyingi, na mzee ataona mmeyaacha hayo mkaanza na yeye.

Njooni na magazeti ya zamani, rundo zima. Huku kijijini hayapatikani tena, kila mtu anasoma kwenye simu.