Chora jedwali kabla ya kutunga dodoso

Ukipewa kazi ya kujenga mfumo wa takwimu za kilimo, usikimbilie dodoso wala programu ya simu. Chora kwanza jedwali la Leontief. Wassily Leontief, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliuchora uchumi wa Marekani kwa namna hii: kila sekta ina mstari wa inachouza na safu ya inachonunua. Visanduku vitakavyobaki vitupu ndivyo vitakavyokuambia ukatafute takwimu gani.

Nimefanya kazi hii kwenye alizeti, Singida, Tanzania. Fomu nyingi humuuliza mkulima ekari na magunia, basi. Jedwali linataka kujua mbegu alinunua au alibakiza za mwaka jana, alilimia trekta au ng'ombe, na mzigo ulikwenda wapi. Mashine ya kukamua haitoi mafuta peke yake, inatoa na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ambayo ni chakula cha mifugo. Mashudu yakikosa mstari wake, mfuga kuku hataonekana popote kwenye habari ya alizeti, ingawa bei ya mashudu ikipanda chakula cha kuku wake nacho kinapanda.

Kiini cha kazi kiko kwa wakamuaji. Tuseme mkamuaji ameuza mafuta na mashudu ya shilingi 100, na alizeti aliyonunua ni ya shilingi 60: mgawo ni 0.6. Ukiwa na migawo ya namna hiyo kwa magunia, umeme na usafiri, unaweza kukokotoa mahitaji ya mafuta ya alizeti yakiongezeka yatavuta nini kwa kila sekta, hadi dizeli ya lori linalobeba mbegu. Mkulima hana namba hizo. Ziko kwenye daftari la mwenye mashine, naye anaogopa kodi. Mweleze mapema kwamba Sheria ya Takwimu inalinda siri zake, kisha uilinde kwelikweli.

Na tafadhali, gunia si kipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ya huku si sawa na ya kule. Nenda na mzani.

Ukimaliza, linganisha: alizeti iliyovunwa au kuingia wilayani lazima ilingane na iliyokamuliwa, iliyouzwa nje ya wilaya, iliyobakizwa mbegu, iliyopotea na iliyo ghalani. Zisipolingana, rudi uwandani kabla ya kuchapisha. Kumbuka pia kwamba hesabu ya jedwali huchukulia migawo haibadiliki, na ukame huibadilisha. Baada ya msimu mbaya, anza upya na wakamuaji.