Je, Kumbukumbu za Kompyuta za Kale Hudumu?

SWALI: Mhariri, je, ni kweli kwamba kumbukumbu za vipete vya sumaku (vijipete vidogo vinavyohifadhi data kwa usumaku) za miaka ya 1960 hudumu kuliko chipu za EPROM (chipu za kumbukumbu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya) zilizokuja baadaye?

JIBU: Kwa kiasi kikubwa ni kweli, ndugu msomaji. Kipete cha feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma) hushika usumaku wake kwa miongo mingi hata umeme ukikatika, ijapokuwa kila kinaposomwa hufutika na saketi hulazimika kukiandika upya. Kwa hiyo kinachoharibika mapema, aghalabu, ni transista zinazokiendesha au waya mwembamba unaopita katikati yake. EPROM huhifadhi chaji inayovuja polepole, na mwanga wa urujuanimno ukipenya kidirisha chake huifuta. Kifunike kwa kibandiko kisichopitisha mwanga, kisha unakili yaliyomo kabla ya kuhangaika na kung'arisha kasha.