Mtoto akisoma "cup" akasema "kapu"

Nafundisha tuisheni ya darasa la kwanza na la pili hapa Buzuruga, na haupiti muhula bila mzazi kuniuliza: "Mwalimu, mbona Kiswahili anasoma vizuri ila Kiingereza kinamshinda?" Huwa namwambia kinachomshinda si sauti. Sauti anazo.

Kiingereza kina sauti 24 za konsonanti, na karibu zote mtoto wetu anazitamka kila siku. Mwanzo wa "think" ni th ya thamani, mwanzo wa "this" ni dh ya dhahabu. "Sing" inaishia na ng' ya ng'ombe, lakini "finger" ina ng ya ngoma. Ngeni hasa ni ile ya katikati ya "measure", nayo haina haraka. Ila kama nyumbani mnasema "zahabu", mtoto akiandika "zis" msimgombeze. Nyoosheni Kiswahili kwanza.

Kwenye l na r, sisi wa Kanda ya Ziwa tunajijua. Mtoto anaandika amekula "lice", kumbe ni wali, si chawa! Mwonyeshe ulimi: kwenye l ncha inagusa nyuma ya meno ya juu, kwenye r ya Kiingereza haigusi popote.

Kazi kubwa iko mwisho wa neno. Mtoto amezoea ba, be, bi, bo, bu, na silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu. Kwa hiyo "cup" inakuwa "kapu", "big" inakuwa "bigi", na anavyotamka ndivyo anavyoandika. Na sisi walimu tunachangia: tunaonyesha b ubaoni tunasema "ba". Mtoto akiunganisha "ba-a-ta" atafikaje kwenye "bat"?

Mimi naanza na sauti zinazovutika: mmm, sss, nnn, fff. Hizo hazihitaji irabu ya kuzisindikiza, na zinatosha kusoma "man", "sun" na "fan". Ndipo naingia kwenye p, t, k na wenzake, ambazo hukatika hapo hapo. Kwa "cup", mtoto anafumba midomo kwenye p na haruhusiwi kuifumbua mpaka nipige makofi. Wanacheka sana, lakini ile u ya mwisho inapotea.

Herufi zenyewe zina vituko vyake. Konsonanti ni herufi 21 kwa sauti 24, kwa hiyo nyingine zinafanya kazi mbili: c ni k kwenye "cat", ila ikifuatwa na e, i au y huwa s, kama "city". X ni ks, qu ni kw; hayo wanayashika upesi.

Kinachowasumbua zaidi ni s ya wingi. Waambie waweke mkono kooni: kwenye "cats" koo limetulia, kwenye "dogs" linatetemeka mpaka mwisho, maana hapo inasikika z. Hata hivyo zote mbili zinaandikwa s. Kusoma wafuate koo, kuandika waliache.