Swali la lugha: Jina la korosho halina hakimiliki

Msomaji wa Newala anauliza: "Kikundi chetu kinabangua korosho na kuzifunga. Jina letu tumelisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kwenye pakiti tuandike lina 'hakimiliki' au lina 'hataza'?"

Msiandike lolote kati ya hayo. Mlichosajili, kama ni jina la bidhaa na si la kikundi tu, ni alama ya biashara.

Hataza hainisumbui; wanaoitaja ni wachache na wengi wao wanajua kuwa ni haki ya mvumbuzi. Kinachonikera ni hakimiliki, haki ya aliyebuni kazi kama mchoro au kitabu. Haki na miliki yametoka Kiarabu, yakaungana vizuri kabisa. Kosa ni letu tunaolibebesha neno hilo kila kitu: jina la duka hakimiliki, dawa hakimiliki, hata mbegu! Anayetaka neno la kuzibeba haki zote hizi analo: miliki ubunifu.

Ishike hiyo pakiti. Mchoro wa mkorosho ulio mbele una hakimiliki, na mwenye nayo kwanza ni mchoraji, hadi muandikishane vingine. Mchonga vinyago wa Kimakonde naye anayo kwa kinyago alichokibuni, bila kukisajili popote. Jina lililo juu ya mchoro ni alama ya biashara. Mashine iliyobangua, kama ni uvumbuzi mpya, aliyeiunda anaweza kuiombea hataza. Korosho kama zao hazina mwenye haki hizi. Tandahimba na Masasi wanauza za kwao.

Na muda wake haulingani. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu miliki ubunifu na ulioanza kutumika 1995, umeweka miaka isiyopungua 20 kwa hataza. Hakimiliki ni maisha ya mchoraji na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Alama ya biashara huhuishwa bila ukomo.

Sasa pelekeni mzigo India. Mnunuzi akisoma "hakimiliki" ataona mnadai mchoro, na jina mnalolitegemea litabaki halina mtetezi. Usajili wa BRELA nao unaishia Tanzania Bara. Hata Zanzibar wana ofisi yao. Mkataba unaitaka India impe mgeni haki ile ile wanayopewa raia wake, lakini lazima muombe huko, na muombe kwa jina lake: alama ya biashara.

Kijiweni mtu akisema "nimekata hakimiliki ya jina", nimeshachoka kumkatiza. Kwenye pakiti na kwenye mkataba wa mauzo sikubali, maana pale neno linabeba mali ya watu.

Andikeni: "Alama ya biashara iliyosajiliwa Tanzania Bara." Na mchoraji muandikishane kabla pakiti hazijachapwa.