Kuchonga bloku ili pikipiki ipate nguvu

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni dereva wa bodaboda, na kila siku napanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa Boxer BM150. Siku hizi nikiwa na abiria na mfuko wa saruji, kwenye kona za juu nabaki gia ya pili. Fundi wangu anashauri tuchonge bloku, yaani tupanue tundu la silinda, tuweke pistoni kubwa, injini iwe ya cc 180. Je, nikubali?
Msomaji, Mombo

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujatoa fedha, tupige hesabu ambayo fundi wako hakukuonyesha. Silinda ya BM150 ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni husafiri milimita 58.8 kutoka chini hadi juu, ndiyo maana ujazo wake ni cc 144.8. Ukichonga hadi oversaizi ya milimita moja, yaani pistoni pana kuliko ya kiwandani kwa milimita moja, utapata cc 150 tu, nyongeza isiyofikia asilimia 4, ambayo mlima ule utaimeza bila wewe kuihisi. Pistoni za oversaizi hutengenezwa ili kufufua silinda iliyolika, si kuongeza nguvu.

Ili kukaribia cc 180 unahitaji pistoni ya milimita 62, ambayo inatoa cc 177.5, na hapo kazi inabadilika kabisa. Ukuta wa silivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupita, utapungua milimita 3 kila upande. Niliwahi kuletewa bloku iliyochongwa hivyo bila kubadilishwa silivu, ukuta wake umebaki mwembamba kiasi kwamba ulipasuka kwa joto. Mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwaka, nao unapanda: kama ulikuwa 9 kwa 1, na pistoni mpya ina kichwa cha umbo lile lile, utafika karibu 10.8 kwa 1, na injini inayopozwa kwa upepo, ikipanda taratibu ikiwa na mzigo, itaanza kugonga, yaani petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, italazimika kupimwa upya, kwani petroli ikiwa pungufu pistoni hupata joto hadi kichwa kikatoboka. Krenki na fimbo ya pistoni, hata hivyo, vitabaki vile vile vya zamani, vikibebeshwa nguvu kubwa zaidi.

Kumbuka pia kwamba barabara hiyo inakupandisha karibu mita 1,000, na kwa kimo hicho hewa hupungua kiasi cha kuondoa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu za injini yoyote ya kabureta. Hilo si kosa la pikipiki yako. Lakini umesema "siku hizi", maana yake zamani ilipanda vizuri, kwa hiyo kuna nguvu iliyopotea. Safisha filta ya hewa, pima nafasi za valvu na mgandamizo, kisha ijaribu klachi: ukiwa mwendo mdogo katika gia kubwa, vuta mafuta ghafla, injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza.

Baada ya hapo badilisha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo. Ikiwa ina meno 14, weka ya meno 13, na nguvu inayofika kwenye tairi itaongezeka kwa asilimia 7 na kidogo, mara mbili ya ile ya kuchonga milimita moja, kwa bei ndogo sana. Utapoteza kasi kiasi kwenye tambarare, jambo ambalo abiria wako huenda wakalifurahia.

Mgandamizo ukionekana umeshuka kwa sababu silinda imelika, hapo chonga, lakini kwa oversaizi ndogo kabisa inayotosha kuondoa michirizi. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji aipime kwa maikromita na kuichongea silinda yake, kwa sababu pistoni mbili zenye namba ileile huenda zisilingane sawasawa. Kilomita 500 za kwanza usibebe saruji, na zikiisha mwaga oili yote, uweke mpya.